Kamba itakatika, mashine haitawaka

Masika yakishaanza Arusha, haichukui wiki mbili benchi la karakana yetu linajaa. Nyasi zimefika gotini, mashine ya kukata nyasi imetolewa stoo ilikolala tangu Desemba, kijana wa bustani kavuta kamba mpaka bega linamuuma, na injini kimya. Wengine wanatufikia na kishikio mkononi, kamba yenyewe imekatikia ndani. Hapo tunatengeneza vitu viwili badala ya kimoja.

Kazi tunaitaka, lakini mashine nyingi kati ya hizo zingewaka hukohuko nyumbani.

Anza na petroli, maana ugonjwa mara nyingi uko hapo. Watengenezaji wa injini hizi ndogo huonya kwamba petroli ikikaa zaidi ya siku 30 inaanza kuchakaa: ile sehemu nyepesi inayoshika moto upesi inaruka na hewa, inabaki nzito. Fungua tenki unuse. Petroli nzima inakupiga puani. Iliyokufa inanuka kama rangi ya mafuta iliyosahaulika kwenye kopo. Usiongezee mpya juu yake. Itoe yote, na usiimwage mtaroni, halafu weka mbichi kidogo ujaribu.

Ikigoma bado, basi masalia yameshaganda kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Chini yake kuna kikombe kilichoshikwa na bolti moja. Tukikifungua tunakuta utando wa kahawia unaonata kama asali ya zamani, na juu yake jeti, kitundu chembamba ambacho chembe moja inatosha kukiziba. Watu huchukua waya wakachokonoa. Tafadhali, msichokonoe. Kitundu kikipanuka, mashine inakunywa petroli na kutoa moshi mweusi, na dawa yake ni kununua jeti nyingine. Sisi tunaloweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha tunapuliza kwa kompresa.

Plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, nayo inasema mengi. Ikiwa imelowa, umezidisha choki, kile kizibo cha hewa cha kuwashia injini ikiwa baridi: ifute plagi, iache injini wazi robo saa, kisha jaribu bila choki. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta mara kumi, petroli haifiki, rudi kwenye kabureta. Ikiwa na masizi, tazama chujio la hewa. Vumbi letu la kiangazi halina huruma. Nafasi kati ya ncha za plagi, kwa mashine nyingi za kusukuma, ni kama milimita 0.7 hadi 0.8.

Kuna jingine tunaona haya kulitaja. Ile fito ya pili kwenye mpini lazima uibane unapovuta kamba, kwa sababu ikiachiwa inakata moto. Mama mmoja alileta mashine kwa bajaji, tukaibana, ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Hatukumtoza, ila nauli ya bajaji ilishakwenda.

Kama mashine ilikuwa inakata vizuri ikagonga jiwe au kisiki, na sasa ukivuta kamba inakunyang'anya mkono, achana na petroli. Kuna kipande kidogo cha chuma kinachoshikisha flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwenye shafti, mhimili unaozunguka. Kwenye injini nyingi ni laini makusudi, kikatike chenyewe shafti ipone. Kikisogea hata kidogo, cheche inakuja wakati usio wake. Mimi mwenyewe niliwahi kufungua kabureta ya mashine moja mara mbili, kwa kuwa mwenye nayo alisema "ilizima tu". Kesho yake ndipo akautaja mzizi wa mwembe. Kwa hiyo ukija, tueleze ilikuwa inafanya nini dakika ya mwisho.

Ukitaka kuangalia kisu, chomoa kwanza kofia ya plagi. Kuzungusha kisu kwa mkono kunaweza kuiwasha injini, na vidole havina spea. Ukiilaza, chujio la hewa liwe upande wa juu, la sivyo oili inaingia kwenye chujio na silinda, na hilo ni tatizo jipya.

Kuangalia ni bure, na tukiona inahitaji kifaa tunakupigia kabla ya kununua. Tenki liache tupu unapoileta; barabara yetu ina mashimo, na wenye bajaji wameshalalamika sana.