Waandikeni hata wasiopona: barua ya wazi kwa vijana wanaotafiti magonjwa ya damu

Kwenu wanangu mnaoanza kazi ya utafiti wa magonjwa ya damu na saratani,

Nawasalimu, na nawapa pole ya kukesha. Najua wengi wenu mna makala ya kwanza mezani: majedwali yamejaa, msimamizi anahimiza, na siku ya mwisho ya kuituma imekaribia. Ndiyo maana nawaandikia leo. Makala ikishachapishwa ni maji yaliyomwagika. Mtaweza kuisahihisha, lakini daktari aliyekwisha kuisoma na kumwandikia mgonjwa dawa hamtamjua, wala mgonjwa wake hamtamwona.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nikiwa na umri wenu nilikusanya majalada ya wagonjwa 29 wa lukemia kali, yaani saratani ya damu inayokwenda mbio, waliotibiwa kwenye wodi niliyofanyia mafunzo. Watatu kati yao waliacha kuja baada ya duru ya pili ya dawa. Sikujua walikokwenda, nikawaacha nje, nikaandika kwamba tulikuwa na wagonjwa 26. Asilimia ya waliopata nafuu ikapanda, jedwali likapendeza. Mwalimu wangu aliisoma rasimu yote bila kusema neno, kisha akaomba daftari la kliniki. Akaweka kidole kwenye jina moja. "Huyu yuko wapi?" Nikamjibu kwamba hakurudi. Akauliza la pili, akauliza la tatu, halafu akanirudishia karatasi zangu akaniambia nikawatafute.

Ilinichukua wiki mbili. Wawili walikuwa wamefariki nyumbani, mmoja kwa homa ya siku moja tu, mwingine kwa kutokwa damu. Wa tatu alikuwa hai, ila familia ilikuwa imeishiwa nauli. Mama wa yule wa kwanza aliponiona mlangoni alidhani nimemletea majibu ya vipimo.

Katika fani yetu kosa hili ni zito kwa sababu ya namna dawa zenyewe zinavyofanya kazi. Dawa inayoua chembe za saratani huushambulia pia uboho, mahali damu inapotengenezwa. Chembe nyeupe zikishuka, homa inayoonekana ndogo asubuhi inaweza kuua kabla ya usiku. Chembe sahani zikishuka, damu haigandi. Kwa hiyo anayetoweka katikati ya matibabu mara nyingi si mtu aliyepata nafuu akachoshwa na foleni. Huenda ni yule ambaye dawa ilimzidi nguvu. Ukimfuta kwenye hesabu, namba zote ulizobakiza zitakuwa za kweli, na makala nzima itakuwa ya uongo.

Nataka mwone kwamba waliotutangulia waliweza kuandika vingine. Miaka ya 1940 kule Boston, Sidney Farber, mtaalamu wa patholojia, alikuwa akiwaona watoto wa lukemia wakifa ndani ya wiki au miezi michache. Walipopewa dawa za jamii ya asidi ya foliki, ambayo ni vitamini, ugonjwa ulionekana kukimbia zaidi. Mtu mwoga angelifunika jambo hilo. Yeye alilitazama akajiuliza: kama asidi ya foliki inaulisha ugonjwa, je, tukiizuia? Kundi la wanakemia lililoongozwa na Yellapragada Subbarow, mzaliwa wa India, lilikuwa likitengeneza dawa za kuizuia, na mojawapo ilikuwa aminopterini. Mwaka 1948 Farber na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 16. Kumi walipata nafuu.

Sasa tazameni kichwa cha makala ile. Neno la kwanza kabisa linasema kwamba nafuu yenyewe ni ya muda. Halikufichwa kwenye aya za mwisho ambako msomaji hufika akiwa amechoka. Ndani wakaeleza jinsi dawa ilivyowadhuru watoto, wakaonya kwamba hakuna chochote walichokiandika kinachoruhusu neno kupona. Ugonjwa uliwarudia watoto wale. Lakini kwa kuwa waliofuata walijua dawa ilipofika na ilipokomea, waliweza kuongeza dawa ya pili, ya tatu, wakapanga duru, wakafikiria kuukinga ubongo usifikiwe na ugonjwa. Leo katika nchi zenye huduma kamili, watoto wapatao 9 kati ya 10 wenye lukemia kali ya aina ya limfu huwa hai miaka mitano baadaye. Kila ninapokisoma kichwa kile natamani ningekuwa na ujasiri huo nilipokuwa kijana.

Kuna wenzenu wananiuliza: na kama nimekosea kabisa? Swali hilo hunileta kwa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini. Baadaye akamwona mwingine wa namna ileile. Akarudi kwenye kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha habari za watoto 38. Aliuita ugonjwa ule sakoma, yaani saratani ya tishu kama mifupa na misuli, na hapo alikosea. Wanapatholojia walikuja kuonyesha kwamba ni limfoma, saratani ya chembe za limfu. Hata hivyo makala yake haikutupwa. Alikuwa ameeleza umri wa watoto, mahali uvimbe ulipoanzia, ulivyokwenda kwenye figo na ovari, kila kitu kwa macho ya mtu aliyekaa na mgonjwa. Jina likabadilika, maelezo yakabaki. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na mmoja wa wasikilizaji alikuwa Anthony Epstein. Epstein akaanza kupokea vipande vya uvimbe kutoka Uganda, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakachapisha picha za kirusi walichokikuta ndani ya chembe hizo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kwa hiyo wanangu, kukosea jina kunasameheka. Elezeni tu mlichokiona kwa ukamilifu unaomwezesha mwingine kuwasahihisha.

Wala msiidharau makala fupi. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford wa Philadelphia walitoa taarifa ya aya chache tu, kuhusu wagonjwa 7 wa lukemia sugu ya mieloidi ambao chembe zao zilikuwa na kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) moja ndogo isivyo kawaida. Wagonjwa saba! Hawakudai zaidi ya walichokiona. Ilipofika 1973, Janet Rowley wa Chicago, akipanga picha za kromosomu, akaonyesha kwamba kipande kilichopungua kwenye kromosomu ile hakikupotea, kilibadilishana nafasi kati ya kromosomu ya 9 na ya 22. Baadaye ikajulikana kwamba mabadilishano hayo huzaa protini inayoamrisha chembe zizaliane bila kukoma, na dawa ya kuizima, imatinibu, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2001. Miaka 41 tangu zile aya chache. Ninyi mnaohesabu makala kwa mwaka, litafakarini hilo mkiwa mmetulia.

Kuhusu nani aandikwe mwandishi wa kwanza sitasema mengi. Ila yule fundi wa maabara aliyesoma slaidi zote usiku msimsahau.

Lipo jambo jingine linaloniuma, nalo ni kupima kile kinachomhusu mgonjwa. Dawa ya haidroksiyurea ilionyeshwa mwaka 1995 kupunguza vipindi vya maumivu kwa watu wazima wenye selimundu. Ikabaki hofu ya haki: dawa hii hushusha chembe nyeupe, je, watoto wanaoishi penye malaria haitawaweka hatarini? Watafiti waliofanya kazi Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda hawakuiruka hofu hiyo. Walihesabu malaria pamoja na maumivu, maambukizi, kuongezewa damu na vifo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba yote hayo yalipungua, malaria nayo ikiwemo. Kama wangepima himoglobini peke yake wakaridhika, daktari wa kijijini angebaki na hofu yake, na mtoto angebaki na maumivu yake.

Sipendi kuwatisha, lakini mmoja wetu alituumiza na sharti mjue. Mwaka 1999, kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu wa saratani nchini Marekani, zilisomwa tafiti kadhaa kuhusu kuwapa wanawake wenye saratani ya matiti dawa kali mno kisha kuwaokoa kwa kuwarudishia chembe mama za damu yao. Nyingine hazikuonyesha faida ya wazi. Moja tu, iliyotoka Afrika Kusini, ilionyesha faida. Wakaguzi walipokwenda mwaka 2000 kutazama majalada, kumbukumbu hazikulingana na yaliyosomwa, na mtafiti akakiri kwamba alipotosha. Fikirini mwanamke aliyesikia habari ile njema, akakubali matibabu yanayoweza kuua, kwa tumaini lililokuwa limeandikwa juu ya majalada yasiyokuwepo. Mimi nilifuta majina matatu kwa uzembe, si kwa hila, na bado sijioni mbali sana na mtu yule. Njia ni ileile, tofauti ni umbali tu.

Basi nawaomba hivi. Kabla ya kutuma makala, kaeni na muuguzi anayetunza daftari la kliniki. Pitieni jina kwa jina, tangu wa kwanza aliyetoa ridhaa hadi wa mwisho, na kwa kila mmoja mwandike alipo: yu hai, amefariki, amehamia kwingine, ametafutwa hakupatikana. Huyo wa mwisho naye ana safu yake kwenye jedwali, mpeni. Kama wahakiki wa jarida watalalamika kwamba matokeo yamefifia, wajibuni kwa adabu kwamba ndivyo yalivyo. Mkikataliwa, tumeni kwingine. Na familia zilizowafungulia mlango mkiwa mnatafuta, zirudieni kuwaeleza mlichokipata, kwa lugha wanayoielewa.

Atakayekwama aje kwangu, saa yoyote. Ila njooni na rasimu pamoja na daftari. Rasimu peke yake sitaisoma.

Ni mimi mzee wenu.