Yah: Ziara ya Chakula George Town, Penang – Madai ya Kurudishiwa Fedha

Kwa Meneja,
Kampuni ya Utalii,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tunaandika kwa niaba ya wasafiri tisa mliowauzia ziara ya saa nne ya vyakula vya mitaani huko George Town, Malaysia, kwa shilingi 180,000 kila mtu. Fomu mliyojaziwa ilieleza wazi kuwa sita kati yao ni Waislamu na hawali nguruwe.

Kituo cha kwanza kilikuwa char kway teow, tambi za mchele za kukaangwa, kwenye kibanda cha Wachina. Mwongoza watalii alimwambia mpishi asitie soseji ya nguruwe, kisha akawaambia wageni wale bila wasiwasi. Hapo ndipo penye kosa. Soseji ni kile kinachoonekana tu. Nguruwe yumo kwenye karai. Kwa upishi wa zamani wa Kichina, tambi zile pana za mchele hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na vipande vyake vilivyokauka vikawa kama chengachenga hurudishwa humo pamoja na kamba, kombe, mayai na choroko zilizochipua. Wanne walikuwa wameshakula ndipo mmoja akaona bakuli la vipande hivyo kando ya jiko.

Wala hapakuwa na shida ya kupata mbadala. Wamalay wa Penang, ambao ni Waislamu, wana char kway teow yao, yenye rojo zaidi, inayokaangwa kwa mafuta ya kawaida. Kilichotakiwa ni kuuliza mambo mawili: mafuta gani, na karai limepikiwa nini kabla.

Mpangilio nao ulikuwa ovyo. Kituo cha pili kilikuwa nasi kandar, wali wa michuzi, sahani nzima kwa kila mtu, michuzi minne imemwagwa juu hadi wali haukuonekana. Kandar ni mzega: Watamil Waislamu waliuza wali huo kwa kuutembeza begani, wali upande huu, mchuzi upande ule. Mwongoza hakuligusia hilo hata kidogo. Sahani moja ingewatosha watu watatu. Asam laksa, mchuzi wa vibua wenye uchachu wa ukwaju, ikaja mwisho watu wakiwa wameshiba, tena bila kile kijiko cha petis, rojo nzito nyeusi ya kamba. Bila petis hubaki uchachu mtupu.

Halafu ziara ilianza saa nane mchana. Mikokoteni ya vyakula ya mtaa wa Lebuh Chulia huanza kuuza jioni, kwa hiyo wageni walipitishwa kwenye barabara tupu.

Tunadai:
– wale sita warudishiwe fedha yote, na watatu waliobaki nusu, ndani ya siku 14;
– maelezo ya maandishi: nani aliipokea fomu, na kwa nini haikumfikia mwongoza.

Nakala ya fomu na risiti tisa zimeambatishwa.

Wenu,
Waratibu wa safari,
Tanga