Swahiba, usikate mbao bado

Swahiba wangu,

Salamu nitazimalizia huko chini, maana nataka barua hii ikuwahi kabla ya Jumamosi. Umeniandikia kwamba mbao za msonobari umeshanunua, umeziegemeza ukutani sebuleni, na Jumamosi unashika msumeno ili wiki ijayo binti awe na meza yake ya kusomea. Tafadhali, usishike msumeno. Umeeleza mwenyewe kwamba ni nzito kuliko ulivyotarajia, ukiziwekea shavu zina ubaridi, na ule unga uliotoka ulipojaribu kukata kipande ulishikana kama tope. Hizo mbao bado zina maji.

Kinachoharibu fanicha nyingi za kujitengenezea nyumbani si vipimo vibaya wala gundi hafifu. Ni maji yaliyomo ndani ya mbao. Mti uliokatwa karibuni hupoteza maji kwa muda mrefu bila kubadilika umbo, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Kusinyaa huanza unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi; kuanzia hapo ubao hujikunja, hujinyonga na kupasuka ncha. Kwa urefu haupungui kiasi cha kukusumbua. Kwa upana ndiko kwenye vita, na ubao wenye mistari inayofanana na vilima usoni husinyaa karibu mara 2 ya ule ambao ukitazama ncha yake unaona pete za mti zimesimama wima. Ukiunga meza sasa hivi, itaendelea kukauka ikiwa imeshafungwa, na kitu kinachotaka kusinyaa huku kimebanwa kitapasuka tu.

Kwa hiyo Jumamosi yako iwe ya kuzipanga. Ziondoe ukutani kwanza, maana ubao ulioegemezwa hupinda kwa uzito wake wenyewe. Tafuta mahali penye kivuli na upepo. Juani usiweke: jua hukausha uso upesi na kuacha moyo mbichi, kisha uso unachanika. Laza magogo matatu au manne yaliyo sawa kimo, weka ubao, juu yake vijiti vikavu vya unene wa sentimita 2 kila baada ya sentimita 40, halafu ubao mwingine, na kuendelea. Kila kijiti kikae juu kabisa ya kijiti cha chini yake. Kikisogea pembeni, ubao unapata wimbi ambalo randa haitaliondoa. Juu kabisa weka matofali. Ncha zipake rangi ya mafuta iliyobaki, kwa sababu maji hutoka kwenye ncha haraka sana kuliko ubavuni, na ile tofauti ndiyo inayopasua.

Utajuaje zimekauka? Huhitaji kununua kipima unyevu. Kata kipande cha upana wote wa ubao, urefu wa sentimita 3, lakini ukate ndani, angalau sentimita 30 kutoka ncha, maana ncha husema uongo. Kipime kwenye mizani ya jikoni papo hapo. Kisha kiweke kwenye oveni ya nyuzi 100 hivi, ukipime kila baada ya saa chache mpaka uzito ukome kushuka. Toa uzito mkavu kutoka uzito wa kwanza, gawa jibu kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kikiwa gramu 78 mwanzoni na 65 mwishoni, tofauti ni 13, na 13 kwa 65 ni asilimia 20. Kwa meza ya ndani unataka kati ya 8 na 12. Penye hewa ya unyevu mwingi, 14 hivi inatosha. Kama oveni ni shida, pima ubao mmoja mzima kila wiki na uandike tarehe kwa penseli juu yake. Uzito ukikaa palepale wiki 2 mfululizo, ubao umelingana na hewa ya hapo. Halafu uziingize kwenye chumba ambamo meza itakaa, zikae humo wiki nyingine kabla ya kukata. Mbao za sentimita 2.5 zinaweza kuchukua wiki kadhaa hata miezi miwili mitatu. Ile miti ya miguu ya 6 kwa 6 itachelewa zaidi. Itazame kwenye ncha: mguu wenye kile kidoa cha kiini cha mti katikati utapasuka hata ukiubembeleza. Huo uweke kando, utafaa kwa kitu kingine.

Najua binti anasubiri, na shemeji naye amechoka kuona mbao sebuleni. Kwa sasa mwekee ubao wa plaiwudi juu ya makreti mawili, asome.

Sasa meza yenyewe. Umeandika uso wa 120 kwa 60, na kwamba mbao 4 za sentimita 15 zinatosha. Hazitoshi. Kila ukingo utakaounyoosha kwa randa unakula milimita 2 au 3, kwa hiyo utaishia kwenye 58 na ushee. Ama ukubali 58, ambayo mtoto hatailalamikia, ama uongeze ubao wa tano. Kimo cha 75 ni sawa, lakini usikate miguu 75! Uso una unene wa 2.5, kwa hiyo miguu ni 72.5. Fremu nzima iwe 110 kwa 50 kwa nje, ili uso utokeze kidogo kila upande. Miguu ikiwa 6 kwa 6, mbao mbili ndefu za fremu zitakuwa 98 na mbili fupi 38, zote kimo cha sentimita 10. Kata kwanza vipande virefu, vifupi vitoke kwenye mabaki. Na vipande vinavyotakiwa kulingana usivipime kimoja kimoja kwa futi: pima kimoja, vibane pamoja, vikate kwa mpigo mmoja.

Maungio. Usipigilie skrubu kupitia mguu hadi kwenye ncha ya ubao ukategemea hiyo peke yake. Skrubu inayoingia kwenye ncha hukata nyuzi za mbao kuwa vipande vifupi, kwa hiyo hushika kidogo tu. Meza inatulia mwezi mmoja kisha inaanza kuyumba. Gundi nayo kwenye ncha hunyonywa kama maji kwenye mrija. Tumia pini za mbao za milimita 10, urefu wa sentimita 6, 2 kwa kila ungio, jumla 16. Tundu liwe na kina cha sentimita 3.2 kila upande, ile ziada ya milimita 2 ni nafasi ya gundi. Bila hiyo gundi inageuka pistoni na kupasua mguu. Zungushia utepe kwenye keekee ya drili ili ujue pa kukomea. Na angalia hili, kwa kuwa wengi hulisahau: matundu ya ubao mrefu na ya ubao mfupi yanakutana ndani ya mguu. Kwa mbao ndefu toboa sentimita 2 na 7 kutoka juu, kwa fupi 3.5 na 8.5. Hapo yanapishana bila kugusana. Kwenye kona za ndani ongeza kipande cha mbao kilichokatwa nyuzi 45, gundi na skrubu 2 kila upande. Hicho ndicho kinachoua kuyumba, na kinatoka kwenye mabaki.

Ukishaunga, kabla gundi haijashika, pima kona kwa kona. Fremu ya 110 kwa 50 iwe na 120.8 pande zote mbili. Zikitofautiana, sukuma ile kona yenye urefu zaidi. Ukisubiri mpaka kesho yake, umechelewa.

Umeniuliza kuhusu vibano, ukasema bei yake inazidi ya mbao zenyewe. Usinunue. Chukua ubao mnene ulionyooka, pigilia kipande kimoja kila mwisho, nafasi kati yake izidi upana wa uso kwa sentimita 5 hivi, halafu jaza nafasi hiyo kwa kabari 2 zinazotazamana. Ukizigonga kwa nyundo, moja huku nyingine kule, zinabana kuliko unavyodhani. Tengeneza seti 3 za hivyo. Laza nailoni chini ya kila ungio, la sivyo meza itagandana na kibano. Weka na kitu kizito juu, kwa sababu mbao zikibanwa hupenda kuruka katikati kama upinde.

Pesa yako iende kwenye msumeno mzuri, skwea ya kuaminika, randa moja na msasa. Ukiwa na kioo kizee, bandika msasa wa maji wa 400 kisha 1000 juu yake, unoe chuma cha randa kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30. Randa butu hainyooshi ukingo, inachana tu. Na kunyoosha kingo mbili zitakazokutana, fungia mbao hizo mbili pamoja kama kurasa za kitabu, uzirande kwa wakati mmoja. Hata mkono ukilala upande, kosa la moja linafutwa na la mwenzake, na ukizifungua zinakaa sawa. Zilaze bila gundi kwanza: kama unaona mwanga katikati ya ungio, rudia. Gundi haijazi pengo. Ikishafika zamu ya gundi, kamua mpaka vitone vidogo vitokeze mstari mzima. Visipotokeza umeweka kidogo. Acha imebanwa saa moja kwa uchache, na usiirande wala kuipa mzigo kabla ya saa 24. Gundi iliyotapakaa usoni ikwangue ikiwa imeanza kuwa kama mpira. Ukiifuta kwa kitambaa chenye maji unaisambaza, na vanishi ikipita juu yake inaacha doa jeupe.

Narudi kwenye uso wa meza, maana hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Umeandika kwamba utaufunga kwa "skrubu ndefu kila kona ili usitoke kabisa." Hata mbao zikishakauka vizuri, kila msimu zinanyonya unyevu wa hewa na kuurudisha. Uso wa msonobari wenye upana wa 60 unaweza kubadilika milimita 5 au zaidi kati ya majira ya mvua na ya kiangazi. Fremu haibadiliki hivyo, kwa sababu kwa urefu wa nyuzi mbao karibu hazibadiliki. Ukiufunga kwa nguvu pande zote, uso utachagua pa kuachia, na kwa kawaida huachia katikati ya ubao, si kwenye gundi. Fanya hivi: tumia vyuma vidogo 8 vya pembe, na tundu la upande wa uso ulifanye refu. Kama chuma hakina tundu refu, tengeneza vipande vya mbao vya kushikia, toboa matundu 3 ya milimita 5 yaliyoshikana, ukate vijiukuta vya kati kwa kisu. Urefu wa tundu uelekee upana wa meza. Skrubu ya milimita 4 na washa yake ikae katikati ya tundu, ikazwe ya kutosha uso usitikisike lakini uweze kuteleza. Katikati ya kila ubao mfupi tu ndipo ukaze kabisa, ili uso upanuke sawasawa huku na huku. Na urefu wa skrubu, swahiba: uso una 2.5, kwa hiyo sehemu inayoingia isizidi 1.8. Nakusihi upime moja moja.

Msasa ni 80, 120, 180, siku zote kufuata nyuzi. Vanishi paka juu na chini, idadi ileile ya mikono. Ukipaka juu tu, upande wa chini unanyonya unyevu peke yake na uso unageuka sahani. Ukiamua kutumia mafuta ya kitani, vitambaa ulivyopakia visikunjwe na kutupwa kwenye pipa: hujipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje vikauke kabisa, au vilowe ndani ya maji kwanza.

Zile paleti alizokupa jirani, tafuta muhuri uliochomwa. HT maana yake zimepitishwa kwenye joto, nyuzi 56 hadi ndani kwa dakika 30, hizo tumia. MB ni dawa ya kuulia wadudu, hizo usiingize ndani ya nyumba. Zikiwa hazina muhuri au zina doa la mafuta, rudisha. Zinafaa kwa rafu, ila rafu ndefu zaidi ya sentimita 80 kwa ubao wa 2 italegea kwa vitabu. Ukiongeza unene mara 2, ugumu unapanda mara 8, kwa hiyo kupigilia kipande kirefu cha mbao chini ya ukingo wa mbele kunasaidia kuliko kununua mbao za gharama.

Haya, salamu sasa. Goti la mama limepata nafuu? Kaka mkubwa amerudi, au bado anapiga danadana? Niambie na haya: mizani yako ya jikoni inasoma gramu moja moja au tano tano? Mbao ni ngapi hasa, na katika zile 4 ni ngapi zina vilima usoni? Miguu mingapi ina kiini? Una mahali penye paa na upepo, au tumwombe yule wa madirisha akupe kona ya karakana yake? Na binti anakaa kiti cha kimo gani? Kiti kikiwa kifupi, 75 itampandisha mabega, tupunguze miguu kabla hujakata.

Nijibu kabla ya Jumamosi.

Swahiba wako