Kaka, hesabu ya rambirambi bado haijasomwa

Kaka,

Nimekupigia mara nne tangu Mfungo Mosi, hupokei. Ujumbe unausoma, alama mbili za buluu naziona, halafu kimya. Mama yako ameniambia kwamba ninayoandika huku unayafuatilia, basi nakuandikia huku huku. Atakayepita na asome. Hakuna neno hapa ambalo nisingelisema barazani kwenu, nimekaa mkekani.

Siku tuliyoachana nilikwambia kiti cha udiwani cha marehemu baba yako si cha kurithi, ukanijibu maneno mawili tu: "Mbona Hussein?" Yaani Hussein Mwinyi, Rais wa Zanzibar, mtoto wa Rais. Ulikuwa umesimama mlangoni, funguo za gari mkononi, ukaondoka bila kumuaga mama. Nimeyabeba maneno yale miezi yote hii, na leo nayajibu.

Unaikumbuka Machi 2, 2024, Mzee Mwinyi anazikwa Mangapwani. Mjomba, yaani baba yako, alikuwa ameshaanza kuishiwa nguvu, tumemkalisha kwenye kochi, mto mgongoni, miguu kwenye kigoda cha jikoni. Aliagiza sauti ya televisheni iongezwe. Wewe ukasema, "Tazama bwana, mtoto anamzika baba yake, na yeye mwenyewe ni Rais." Ulilisema kwa furaha, kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato. Mjomba hakukuitikia. Ulipotoka kupokea simu ndipo alipofungua mdomo: "Huyu mzee alijiuzulu. Watu wamesahau." Akanieleza, kwa vituo, maana pumzi ilikuwa inamkatika, jinsi Mwinyi alivyokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970, watuhumiwa wakafa mikononi mwa askari kule Shinyanga, naye akaachia uwaziri ingawa si yeye aliyewagusa. Mwalimu akampeleka ubalozini Misri. Alirudi, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, na mwaka uliofuata akaingia Ikulu ya Muungano. Mjomba alipomaliza akaomba uji. Nilimnywesha mimi, kwa kijiko.

Kwa hiyo televisheni ilikuwa moja, kochi moja. Wewe ulikuwa unamtazama mtoto, Mjomba anamtazama baba.

Haya, tumzungumze huyo mtoto. Hussein Mwinyi amezaliwa mwaka 1966. Baba yake anaingia Ikulu, yeye ana miaka 18. Akaenda Uturuki kusomea udaktari, akaongeza masomo Uingereza, akarudi akavaa koti jeupe. Mzee alitoka madarakani mwaka 1995, na kijana hakuja kuomba kura mpaka mwaka 2000, mwaka ule ule Mjomba alipoingia udiwani mara ya kwanza. Akaja kwetu Mkuranga, kwa sababu Mzee alizaliwa Kivure. Nakubali, Kaka, wala sina haja ya kubishana: daktari wa miaka 33 asiye na jina la Mwinyi asingeipata Mkuranga kwa wepesi ule. Mlango ulifunguliwa na jina. Mwaka 2005 akahamia jimbo la Kwahani, Unguja. Akapitia Afya, Muungano, Ulinzi, Afya tena, Ulinzi tena. Julai 2020 pale Dodoma akapata kura 129 kati ya 164 kuwa mgombea wa CCM Zanzibar, Novemba akaapishwa, na mwaka 2025 akachaguliwa tena. Kutoka uchaguzi wake wa kwanza mpaka kiapo ni miaka ishirini. Wewe ulihesabu siku tatu za msiba.

Tena katika miaka hiyo ishirini kuna mambo ambayo nyumbani kwetu tuliyaona kwa macho. Aprili 29, 2009, maghala ya jeshi yalipolipuka Mbagala, barabara ya Kilwa ilijaa watu wanakuja upande wetu kwa miguu, kina mama wamefunga watoto mgongoni, wengine pekupeku. Mjomba aliwasha pikapu yake akawa anakwenda na kurudi, anabeba wazee na wajawazito, mpaka mafuta yakaisha. Nilikuwa nyuma nimeshika vijana wasidondoke. Februari 16, 2011 yakalipuka ya Gongo la Mboto. Mara zote mbili Waziri wa Ulinzi alikuwa Hussein. Watu walidai ajiuzulu, hakujiuzulu. Sisemi alivunja sheria. Nasema Mjomba, aliyempenda yule kijana tangu siku ya kwanza, alikaa kimya usiku mzima, kisha akasema, "Baba yake angetoka." Ulikuwepo. Ulikuwa unakula.

Kama ulitaka mfano wa mtoto wa mkubwa, ungenitajia Makongoro Nyerere. Mwaka 1995 Mwalimu anazunguka nchi kumnadi Mkapa, mwanawe anapata ubunge Arusha kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Mahakama ikautengua, na baadaye akarudi CCM, lakini kura zile hakuziomba kwa jasho la baba. Wewe hukunitajia huyo.

Sasa tuje kwenye usiku wa pili wa msiba. Usiseme kwamba nilikuwa nimelala.

Daftari la rambirambi nililishika mimi, kwa sababu mama yako alinikabidhi mbele ya wazee. Kaunta buku jeusi lenye mgongo mwekundu, kalamu nimeifunga kwa uzi. Siku mbili niliandika majina, mitaa na namba za simu, kwa kuwa Mjomba mwenyewe alitufundisha kwamba anayekuzika unamwandika ili umzike na yeye. Mama wa vitumbua alitoa shilingi 500, sarafu tano za mia mia, akataka niandike "kwa niaba ya watoto". Yule mzee wa mkaa alitoa gunia akasema pesa hana. Nililiweka daftari chini ya mto, nikajilaza kwenye turubai. Nikakuona unalichukua. Ukaenda kwenye taa ya jiko, ukachuchumaa, ukaanza kulipiga picha kwa simu. Unalamba kidole, unafunua, unapiga. Ukurasa kwa ukurasa. Ulifika mpaka kwenye jina la mama wa vitumbua, nikaona mwanga wa simu ukiwaka juu yake. Baba yako hajamaliza hata siku mbili ardhini.

Tanga tulilianua kesho yake. Wiki haijapita, wajumbe wa kumteua mgombea udiwani wakaanza kupigiwa. Wakaambiwa maji hufuata mkondo, mlimzika baba, sasa mbebeni mtoto. Walinijia wakiuliza namba zao umezipata wapi. Kaka, ulitaka niwajibu nini?

Najua unavyosema mitaani, kwamba nilikuangusha kwa wivu. Ulikosa kwa kura tisa, kila mtu anajua ni kura tisa. Basi nikueleze nilichokisema, na shahidi ni wazee wa msikitini. Niliulizwa kama unaijua kata, nikasema miaka miwili ya ugonjwa ulikuja mara mbili. Niliulizwa kama una moyo wa baba yako, nikasema simjui mtu mwingine mwenye moyo ule. Sikuongeza chumvi. Daftari sikulitaja, wala siku zile wala baadaye, mpaka leo ninapoandika hapa. Kama ningekuwa na wivu, si ningelitaja?

Na usinikumbushe posho za udiwani. Naam, ndizo zilizonisomesha. Ndiyo maana nilimwogesha, nikambeba mgongoni kwenda zahanati aliyoipigania mwenyewe, nikalala mlangoni kwake. Nilikuwa nalipa kwa namna ninayoiweza. Wewe ulikuwa na haki ya kuzaliwa naye, sijawahi kukuonea gere kwa hilo, tangu tukiwa watoto unanipa nusu ya chapati yako na kusema umeshiba. Yule mtoto wa nusu chapati ningempigia kampeni nyumba kwa nyumba. Ningemsubiri miaka mitano, apange chumba hapa hapa, akae vikao vya shule, achimbe makaburi na wenzake, na jina la baba lingemfuata lenyewe. Nakwambia hivi sasa hivi, bado ningempigia.

Mama yako macho yamezidi. Kila Ijumaa anauliza kama gari lililopita ni lako. Mwenye turubai naye anadai elfu arobaini, na mabati ya jiko yaliyong'olewa siku ya hitma hayajarudishwa.

Hesabu ya rambirambi haijasomwa mpaka leo. Wazee wamekataa isomwe bila mtoto mkubwa wa kiume kukaa na kusikiliza jina moja moja. Nimelifunga daftari kwenye mfuko wa sukari, liko juu ya kabati la mama. Mama wa vitumbua ameshafiwa na mumewe, mwezi uliopita. Niliandikisha shilingi 500 kwa jina lako, "kwa niaba ya watoto". Njoo unirudishie.