Barua ya malalamiko: nililipia gia za difu 41/9, nikafungiwa 43/11

Kwa Meneja,
Duka la Vipuri na Karakana,
Iringa.

YAH: KUFUNGIWA GIA ZA DIFU TOFAUTI NA NILIZOLIPIA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu tangu nianze biashara ya kukodisha mahema na viti. Gari langu ni pikapu Hilux ya dizeli ya mwaka 1993, inayovuta kwa magurudumu ya nyuma, na kazi yake kubwa ni kukokota tela. Tela likiwa na viti 300, nguzo za mahema na maturubai, halipungui tani moja na nusu. Mwezi uliopita nililileta gari kwenu libadilishwe gia za difu, ule mtambo wa nyuma unaopeleka nguvu kwenye magurudumu, ili lipande milima bila kuteseka. Limerudi likiwa dhaifu kuliko lilivyokuja.

Sikuja kwenu kubahatisha. Gari la umri huu limepita mikononi mwa watu wengi, na kibati cha kiwandani hakiwezi kusema nani alibadilisha nini njiani. Kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote, mimi na dereva wangu tulifungua difu tukahesabu meno kwa macho yetu. Kraunwili, ile gia kubwa ya duara, 41; pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha, 10. Maana yake propela, ile shafti inayotoka giaboksi kwenda difu, izunguke mara 4.1 ndipo tairi lizunguke mara moja; namba hiyo ikipanda, nguvu ya kuvuta nayo inapanda. Tukakaa chini tukapiga hesabu. Ile ya 39 kwa 8, yaani 4.875, ingevuta kama trekta, lakini mimi naenda pia Dodoma na Makambako, na injini ya zamani kama hii ingelia njia nzima na kunywa dizeli kupita kiasi. Ya 41 kwa 9 inatoa 4.556. Nguvu ya kuvuta inapanda kwa asilimia 11 hivi, na kwenye tambarare gari bado linaendeka. Hiyo ndiyo niliyoagiza, na hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye stakabadhi yenu: kraunwili na pinioni 41/9, shilingi 780,000, ufundi shilingi 150,000. Nililipa zote siku ileile.

Nilipokuja kulichukua, fundi wenu aliniambia, "Mama, gari sasa limekuwa jepesi." Kweli, barabarani injini ilikuwa imetulia kuliko zamani, nami nikafurahi. Nilipaswa kushtuka palepale, kwa sababu kwa mwendo uleule gia niliyoagiza ingeifanya injini izunguke zaidi. Nikaendelea kulitunza kama gia mpya zinavyotaka: kilomita 800 za kwanza sikufunga tela, na safari za mwanzo zilikuwa fupi, nikisimama difu ipoe.

Safari ya kwanza na tela ilikuwa harusi ya Ruaha Mbuyuni. Kwenda ni mteremko, hakuna tatizo. Kurudi Jumapili mchana, tukaingia Kitonga nyuma ya lori la mzigo. Mlima huo siku zote naupanda kwa gia ya pili. Safari hii gia ya pili ilikataa kabla hata hatujafika katikati, injini ikaanza kutetemeka, dereva akarudi gia ya kwanza. Lori la mbele likasimama, nasi tukasimama. Kuondoka tena ndipo ikawa shida. Mara ya kwanza gari likarudi nyuma, kijana wangu akaruka na kuweka mawe mawili nyuma ya tairi. Mara ya pili harufu ya klachi ikajaa ndani. Mara ya tatu moshi ukatoka chini, na malori nyuma yetu yanapiga honi, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Ilibidi nikodi Fuso lipande na mzigo wangu, na siku iliyofuata nikanunua klachi pleti mpya. Nimewasafirisha vijana wanne mlimani humo nikiamini gari lina nguvu zaidi. Jambo hili linaniuma kuliko fedha.

Baada ya hapo nilipima. Kwanza, barabara kuu ina nguzo za kilomita. Zamani kilomita 10 za nguzo zilisomeka 10 kwenye dashibodi. Sasa zinasomeka 9.5, na tairi ni zilezile. Spidi ya gari hili inasomwa kutoka giaboksi, kwa hiyo propela ikizunguka kidogo, dashibodi nayo inasoma kidogo. Ingekuwa 41/9 ingesoma 11.1. Tena ina maana sindano ikionyesha 80 mimi niko karibu 84, na tela nyuma.

Pili, niliinua tairi moja la nyuma kwa jeki, lingine likabaki chini limezuiwa kwa mawe, gia ikiwa huru. Tukachora chaki kwenye tairi na kwenye propela. Tairi moja likiwa chini, lile la juu lazima lizunguke mara mbili ili kraunwili izunguke mara moja. Binti yangu akazungusha polepole, mimi nimelala juu ya gunia chini ya gari naitazama chaki ya propela. Tairi lilipomaliza mzunguko wa pili, propela ilikuwa imebakiza upana wa vidole viwili kufika ya nne. Tukarudia mara tatu, ikawa vilevile. Ya 41/9 ingepita nne na nusu.

Nikawapigia simu. Fundi mkuu wenu hakukataa. Alisema 41/9 ziliisha, wakanifungia 43/11, na kwamba wamenipendelea kwa sababu 43 ni kubwa kuliko 41. Nilipojaribu kueleza akanikatiza: "Mama, mambo ya difu tuachie mafundi." Meneja, tafadhali chukua kikokotoo. Nguvu haitokani na wingi wa meno ya kraunwili peke yake, inatokana na kuyagawa kwa meno ya pinioni. 43 gawa kwa 11 ni 3.909. Hiyo ni chini hata ya ile ya zamani niliyowaachia, na ni pungufu kwa asilimia 14 kuliko niliyolipia. Kama kipuri kiliisha, simu moja tu ingetosha. Ningesubiri.

Kuna jingine. Boksi la vipuri vya zamani mlilonirudishia lina kraunwili, pinioni na biringi. Halina kile kibomba cha chuma kinachobonyea kati ya biringi mbili za pinioni, ambacho hutumika mara moja tu na kutupwa. Kwa hiyo naamini mmekirudisha kilekile. Nikiachia pedali ya mafuta kwenye mwendo wa 60 difu inalia kwa sauti nyembamba, na kabla ya kuja kwenu haikuwa ikilia.

Ninaomba yafuatayo ndani ya siku 14. Mfunge seti ya 41/9 na biringi mpya, kibomba kipya na oili ya difu ya GL-5 namba 90, bila malipo mengine. Nafasi kati ya meno ipimwe kwa kipimo, iwe kati ya milimita 0.13 na 0.18, rangi ipakwe kwenye meno nione yanavyogusana, na meno yahesabiwe nikiwepo kabla difu haijarudi mahali pake. Gia ndogo ya spidi nayo ibadilishwe ili dashibodi isome sawa. Na mnirudishie gharama za Fuso na klachi pleti, stakabadhi zake nimeziambatanisha.

Bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo, ndivyo inavyosema Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Siku 14 zikipita kimya, nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Tangu mlipoifunga, difu sijaifungua, ili asije mtu akasema imeguswa na mwingine. Gari liko nyumbani juu ya matofali na alama za chaki bado zipo. Mtumeni fundi yeyote aje azungushe tairi mwenyewe.

Wenu,
Mama wa mahema na viti,
Iringa.