Mtoto wa miaka miwili asilazwe juu ya dabodeka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na wazazi wenye watoto wadogo, na kupitia kwao niwafikie mafundi wenzangu. Mimi ni seremala, nachonga vitanda hapa Keko, Dar es Salaam. Wateja wangu wengi ni wazazi wanaotarajia mtoto wa pili. Yule mkubwa ana miaka miwili au mitatu, ameshaanza kuruka uzio wa kitanda chake kidogo, au bado analala katikati ya baba na mama, na sasa anatafutiwa kitanda chake mwenyewe. Wanakuja na picha kwenye simu. Picha ni ya dabodeka.

Sababu wanazotoa ni za kweli na sizibezi. Aliyepanga vyumba viwili hana pa kutandaza vitanda. Mtoto atalala na dada wa kazi, au na binamu aliyekuja mjini kusoma, na dabodeka moja hula nafasi ndogo kuliko vitanda viwili. Tena wanasema mtoto atakua nacho. Lakini nikiuliza nani atalala juu, mara nyingi naambiwa ni huyo mdogo, maana ndiye mwepesi, chaga hazitavunjika. Hapo ndipo ninapoweka penseli chini, tuongee kwanza.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto wa chini ya miaka 6 asilale kitanda cha juu, na sioni kwa nini watoto wetu wawe tofauti. Mtoto wa miaka miwili akishtuka usiku hajui yuko wapi. Anamtaka mama yake, anashuka popote mguu unapoelekea, na chini kuna saruji au vigae.

Wazazi hunijibu kwamba si kuna kizuizi? Kipo, ila wamekipima kitanda kikiwa kitupu. Chukua kitanda ambacho kizuizi chake kimesimama inchi 10 kutoka kwenye chaga. Ukiweka godoro la inchi 4, zinabaki inchi 6, na hizo zinazuia. Mwezi unaofuata baba anapata hela, ananunua godoro la inchi 8 ili mwanawe alale vizuri. Sasa zimebaki inchi 2. Mtoto akijigeuza usingizini anapita juu yake, na baba hajui kwamba zawadi yake ndiyo iliyoondoa kizuizi. Wenzetu Marekani wameweka sheria: kizuizi kipande angalau inchi 5 juu ya godoro, na mwanya wa kwenye kizuizi cha kitanda cha juu usizidi inchi 3 na nusu, kwa sababu mwili wa mtoto unaweza kupenya mahali ambapo kichwa kinakwama, akabaki ananing'inia. Kwetu huku mwanya huo mara nyingi unaamuliwa na mbao iliyobaki. Hilo linaniuma, kwa sababu kuongeza fito mbili si gharama ya kumshinda mtu.

Ninachowashauri wazazi ni kitanda cha chini. Kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro isizidi sana futi moja, ili mtoto ashuke mwenyewe kwa miguu yake, na hata akianguka asiumie. Wengine huona ni rahisi zaidi kutupa godoro sakafuni. Kwa joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam, godoro lisilopitisha hewa chini linaota ukungu upesi. Chaga zina kazi yake. Kitanda kikisogezwa ukutani, kisogezwe kigusane kabisa, na godoro lijae kitanda chote. Upenyo kati ya godoro na ukuta, au kati ya godoro na mbao, unaweza kummeza mtoto aliyelala. Kingo zote zipigwe msasa mpaka ziwe duara.

Kwa wenye chumba kimoja nachonga kitanda cha magurudumu kinachoingia mvunguni mwa kitanda cha wazazi. Usiku kinavutwa, asubuhi kinasukumwa. Mtoto ana kitanda chake, na mama akinyoosha mkono anamfikia.

Halafu kuna chandarua, jambo ambalo karibu kila mteja hulisahau. Mtoto akihama, chandarua cha wazazi hakihami naye. Kile alichopewa kliniki wakati wa chanjo ya surua ya miezi 9 mara nyingi kimefungwa kabatini, na huu ndio wakati wa kukitoa, kwani malaria huwaumiza zaidi walio chini ya miaka 5. Ndiyo maana mteja akitaka kitanda chembamba cha futi mbili na nusu namshawishi achukue futi tatu: mtoto akilala ameegemea chandarua, mbu anamuuma kupitia matundu. Na mimi huacha nafasi ya kidole kati ya mbao za ubavuni na ukingo wa chaga, ili chandarua kichomekwe chini ya godoro bila kuchanika. Nafasi hiyo ni ya kidole tu, si ya mkono wa mtoto.

Mengine nayasema kwa kifupi. Ahamishwe miezi michache kabla ya mdogo wake kuzaliwa, asije akaona amefukuzwa. Na kwa kuwa sasa anaweza kushuka usiku akazurura, kabati la nguo lifungwe ukutani kwa skrubu. Akivuta droo ili apande, kabati linamwangukia.

Mafundi wenzangu, najua mteja akishika picha yake hapendi kuhojiwa. Muulizeni tu nani atalala juu na ana miaka mingapi. Kisha tuandike kwa wino usiofutika, kwenye ubao wa mchagoni, unene wa godoro ambao kitanda hicho kinauruhusu. Haichukui dakika mbili na haiongezi bei. Mzazi asiyeyaona maandishi hayo aulize kabla hajalipa.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam