Babu, sikuja huku kuogesha mbwa

Babu,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya, hofu ni kwenu, hasa huo mgongo wako usiotaka kupelekwa kwa daktari. Najua barua hii utasomewa na mdogo wangu, kwa hiyo namwonya mapema: asiruke mistari wala asiongeze ya kwake. Barua iliyopita aliitia chumvi mpaka Bibi akaamini nina mchumba.

Nimekaa kuandika kwa sababu ya lile swali lako la kwenye simu. Ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema, "Yaani umepanda ndege ukavuka bahari kwenda kuogesha mbwa wa watu?" Salio likakata kabla sijajitetea. Haya, kwenye karatasi hakuna salio. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Pale kliniki naingia jioni nikitoka darasani, na Jumamosi kutwa. Nasafisha vizimba, napokea simu, naandika kadi za chanjo, nashika miguu ya nyuma muuguzi akishika ya mbele. Kuogesha kumo kidogo, siwezi kukudanganya. Ni kliniki ndogo ya mtaani: madaktari wawili, wauguzi watatu, na paka mmoja asiye na cheo anayelala juu ya mafaili. Wagonjwa wetu ni mbwa na paka, sungura hapa na pale, na kobe mmoja ambaye mwenyewe anasema alimrithi kwa mama yake. Huyo nadhani ni rika lako.

Sasa hiyo Jumamosi ya wanyama uliyosikia habari zake. Nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba kliniki itahamia uwanjani kwa siku moja, mbwa watavishwa kofia, na kutakuwa na zawadi ya mkia unaotikisika kuliko yote, nilicheka kama wewe. Nikasema moyoni, hawa watu wameshiba. Daktari mkubwa, mama wa makamo, mkali, asiye na maneno mengi, aliniona. Akaniambia tu nihesabu mbwa watakaofika kwenye meza ya kofia, kisha nihesabu watakaopita kwenye meza ya chanjo.

Sikuelewa mpaka siku ilipofika. Meza ya kofia huwekwa mwisho kabisa wa uwanja, na njia ya kufika huko ni moja: unapita mizani, unapita dawa ya minyoo, unapita kifaa cha kusomea chipu, unapita sindano. Hakuna anayelazimishwa, ila mtu akishasimama kwenye foleni akaona mbwa wa jirani amechomwa bila kulia, naye anaona aibu kukataa. Kofia ni chambo, Babu.

Mlangoni pa kliniki mbwa ananusa mara moja tu, anajilaza chini kama gunia. Mwenye mbwa naye ananusa gharama. Uwanjani hakuna harufu ya dawa, kuna nyasi na mbwa wenzake, na mtu anauliza swali aliloliogopa mwaka mzima kwa kudhani hata kuuliza kunalipiwa. Maswali mengi ni madogo. Kwa nini paka wangu anajikuna hivi? Huu uvimbe ni nini? Mengine si madogo hata kidogo, na hapo daktari huinama, akashika, akanyamaza muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Tarehe yenyewe haiwekwi ovyo. Septemba 28 ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2007. Ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895, yule Mfaransa aliyemchanja mtoto wa miaka tisa aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, Julai 1885, na mtoto akaishi. Oktoba 4 nayo ni siku ya wanyama duniani. Kutoka ile mpaka hii, zote zikihesabiwa, ni siku saba, kwa hiyo haikosi Jumamosi moja katikati. Hiyo ndiyo yetu.

Hapa naomba msomaji apunguze kasi. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka duniani, na hadi asilimia 99 ya wanaoupata wameambukizwa na mbwa. Kati ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Virusi vinapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu mpaka ubongoni, na dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Lakini kilichonikaa kichwani ni hesabu aliyonipa daktari siku ile. Si lazima uchanje kila mbwa. Ukiwapata saba katika kila kumi, ugonjwa unakosa pa kupita.

Sasa fikiria hao saba utawapata wapi. Watatu wanne wanakuja wenyewe, wana kadi, wana kola nzuri, wana mwenye gari. Waliobaki ni wa mtu asiye na muda, au asiye na hela, au anayeona haya. Bila hao hesabu haifiki. Nilidhani kutoa bure ni kuwahurumia, kumbe wao ndio wanaotukamilishia kinga sisi wengine. Na kila mwaka unaanza upya, maana watoto wa mbwa wanazaliwa na waliochanjwa wanazeeka wakafa.

Kuandaa hiyo siku ni kazi, usione kofia ukadhani ni mchezo. Chanjo lazima zikae kwenye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo kuna mtu (mimi) anayeangalia kipimajoto cha sanduku kila nusu saa na kugombeza wanaotaka kuweka soda zao humo. Watoto wa mbwa wasiomaliza chanjo hubebwa mikononi, hawakanyagi nyasi, kwa sababu kirusi cha parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, kinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi kikisubiri. Jike aliye kwenye joto anarudishwa nyumbani kwa heshima. Paka wana chumba chao, mbali na kelele. Mbwa mwenye woga anafungwa utepe wa njano kwenye kamba, watu wajue wampe nafasi. Mwaka wa kwanza hatukuwa na utepe, nami nina kovu dogo kwenye kidole gumba.

Kuna hema moja ninalolipenda kuliko yote. Watoto wanaleta wanasesere wao wagonjwa. Daktari mdogo anavaa koti lake, anaweka kifaa chake kifuani pa tembo wa kitambaa, anasikiliza, anauliza amekula nini. Hacheki. Mtoto mmoja alimwambia tembo wake ana homa ya kutopenda shule. Akaandikiwa bandeji. Wakati bandeji inafungwa, muuguzi anawafundisha la maana: mbwa usiyemjua akikujia, usikimbie, usipige kelele, simama kama mti, mikono yako iwe matawi yaliyoshuka, tazama mizizi yako. Mbwa atanusa, atachoka, ataondoka. Na kabla ya kumgusa mbwa wa mtu, muombe mwenyewe kwanza. Ukiwaona watoto ishirini wamesimama kama miti katikati ya mbwa waliovaa kofia, utasahau mgongo.

Nisikufiche pia nilipoharibu. Tunaweka chipu bure siku hiyo. Ni kidude kama punje ya mchele kinachoingizwa chini ya ngozi, katikati ya mabega. Hakina betri wala hakikuonyeshi mbwa yuko wapi, kama wengi wanavyodhani; kina namba tu, tarakimu 15, na kifaa kikipitishwa juu yake kinaisoma. Namba hiyo isipoandikwa kwenye daftari la usajili pamoja na jina na simu ya mwenyewe, ni punje ya mchele kweli. Vibandiko vya namba vilituishia saa za mchana, nikaanza kunakili kwa mkono, na kwa mbwa mmoja nikageuza tarakimu mbili. Miezi kadhaa baadaye kukapigwa fataki usiku, mbwa akaruka ukuta. Aliokotwa upande wa pili wa mji, akasomwa chipu, daftari likasema hajulikani. Mwenye mbwa alimtafuta siku tatu akibandika picha kwenye nguzo, na mbwa yuko salama kwenye kizimba.

Daktari hakunipigia kelele. Aliniwekea fomu zote za siku ile mezani, akaniambia nimsomee namba zote, moja baada ya nyingine, yeye akifuata kwenye daftari. Tulimaliza usiku. Tangu hapo tunasoma watu wawili kwa sauti, tarakimu tatu tatu, na mwenye mbwa anasikia.

Sasa nikuelezee mzee mmoja, maana ndiye aliyenifanya nikukumbuke. Alikuja tulipokuwa tunakunja mahema. Mbwa wake mkubwa, mweusi, mdomo umeshaota mvi. Alisimama nje ya uzio, haingii wala haondoki. Nikamwendea na tabasamu langu lote, nikamwambia, "Karibu, leo ni bure." Neno bure lilimchoma. Akageuka, akamvuta mbwa.

Daktari aliona. Akamkabidhi muuguzi sanduku, akamfuata mpaka barabarani. Sikusikia walichosema, nikashangaa tu kuwaona wanarudi, mzee ameshika upande mmoja wa meza yetu na daktari upande wa pili. Baadaye sana mzee mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Daktari hakutaja bure wala chanjo. Alimuuliza tu, "Wako anatulia hivi kwa nini? Mimi leo mbwa wakubwa wamenishinda kuwapandisha kwenye mizani."

Basi siku hizi mizani ni ya mzee. Hasimami mbele ya mbwa, anasimama ubavuni. Hamtazami machoni. Anapiga soga na mwenye mbwa kana kwamba mizani haipo, na mbwa anapanda mwenyewe. Kadi ya mbwa wake mweusi iko kwenye faili kama za wengine, ila kwenye kisanduku cha malipo daktari ameandika neno moja: mizani.

Usije ukadhani nafanya kazi na malaika. Wengi wanaokatiwa kucha za mbwa bure uwanjani wanarudi kliniki wakiwa wateja, na daktari mkubwa halifichi hilo. Anasema bila hao sanduku la msaada, la kutibia wanyama wa wasio na hela, lingekuwa na vumbi tu. Daktari mdogo hukasirika, anasema msaada wenye bango la kliniki ni tangazo. Wanabishana mbele yangu huku wanashona mbwa. Mimi niko upande wa daktari mkubwa. Ila sanduku lenyewe kuna mwaka lilikauka mapema, nami ndiye niliyepokea simu ya mwanamke aliyetaka paka wake afanyiwe upasuaji wa mguu. Nilimjibu vibaya, harakaharaka, kwa kuwa nilikuwa na aibu. Daktari alimpigia tena mwenyewe, wakapanga alipe kidogo kidogo.

Watu wanaleta vitu, si fedha tu. Taulo kuukuu, mablanketi, magazeti ya kutandika vizimba, vyote tunavipeleka kwenye makao ya wanyama waliotelekezwa. Mara nyingine unaletewa mfuko wa chakula cha paka ulioliwa nusu. Anayeuleta hasemi neno, anauweka juu ya meza na kutoka. Tumeshajua maana yake, hatuulizi.

Nimefika kwako sasa. Popi ana miaka minne na sindano haijui. Unakumbuka yule mbwa wa kabla yake aliponing'ata kwenye shavu la mguu? Ulinimwagia kopo la maji, ukasema mbwa wa nyumbani hana neno. Tulibahatika tu, Babu. Safari nyingine, na isiwepo: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, usihesabu kwa haraka, kisha hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni mkwaruzo.

Nenda kwa afisa mifugo, uliza chanjo inakuja lini. Usiende peke yako, Popi mmoja hatoshi. Zunguka kwanza kwa majirani, wahesabu mbwa wao wote, hata wale wasiokubaliwa kuwa wana mwenyewe. Unamtafuta wa saba katika kila kumi. Wakisuasua, mvishe Popi ile kofia yako ya zamani upite naye mtaani. Watakuja kucheka, na wakishakuja unajua la kufanya.

Na wewe unayesoma, piga picha ya hiyo kofia kabla Babu hajabadili mawazo.

Mjukuu wako